Pa Kugeuzia Gari

Mimi, mama Scola, ndiye mwenye birika, na mwenye birika hana upande, anamimina tu. Kijiwe chetu kipo Tunduma, pembeni ya barabara kuu, ubavuni mwa banda la kuziba pancha. Benchi lenyewe ni ubao uliowahi kuwa bodi la lori, umelazwa juu ya matairi mawili yaliyoshindikana. Mbele yetu malori yamepanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo, nyuma yetu ni mahindi ya watu, na katikati ndio sisi na midomo yetu. Alhamisi ile jioni walikuwa wanne. Alikuwepo Nkwabi, tunayemwita Jiji kwa sababu tangu apande kutoka Momba na ng'ombe zake hana wimbo mwingine ila Tunduma kuwa jiji. Alikuwepo Yesaya, ndiye Pasipoti, utingo mstaafu aliyelala kila mji wenye kituo cha mafuta mpaka Lubumbashi. Alikuwepo Ipyana wa bodaboda, tunamwita Chapchap. Na alikuwepo Mbonile, mwenye banda la pancha, Kiraka kwa jina la mjini, ambaye kahawa yake ilikuwa inapoa mkononi. Jumamosi alikuwa anamwozesha binti yake. Jua lilikuwa limelegea, na saa hizo vumbi la mpakani linageuka dhahabu, hata mtu mbaya anaonekana mzuri.

Kiraka: Jamani, nina swali. Na sitaki utani.

Jiji: Basi umekosea kijiwe.

Kiraka: Ile barabara ya mzunguko. Ile wanayoichonga huko nyuma kuanzia Mpemba. Noah inapita?

Chapchap: Noah ya nani?

Kiraka: Ya bibi harusi.

Hapo inabidi nieleze, maana mgeni hawezi kujua. Miji mingine bibi harusi akitoka kanisani anazungushwa mjini, matarumbeta mbele, honi nyuma, halafu ndiyo anapelekwa ukumbini. Tunduma hatuna pa kuzungukia. Mji wetu ni barabara moja, huku geti la mpaka, kule Mpemba. Kwa hiyo msafara unakwenda mpaka Mpemba, unageuza, unarudi njia ile ile. Na kurudi njia ile ile ni mkosi: bibi harusi aliyegeuziwa gari, ndoa yake nayo itageuza. Imani hii ni ya nani, sijui. Mimi ni Mndali wa Ikinga, huko Ileje, kwetu haipo. Wanyiha wanasema ni ya Wanamwanga, Wanamwanga wanasema imeletwa na madereva. Lakini wote tunaifuata, na tumepata dawa yake: tukifika Mpemba bibi harusi anafunikwa kanga kichwani, matarumbeta yanapulizwa kwa nguvu asisikie gia ya nyuma, gari linageuza, kanga inatolewa, na shangazi anasema, "Haya, tunaendelea mbele." Bibi harusi naye anajifanya haoni kwamba kituo cha mafuta kilichokuwa kulia sasa kipo kushoto.

Kiraka: Binti yangu Tukuswiga sitaki afunikwe. Sitaki ageuziwe gari kabisa. Kwenye mzunguko hakuna kugeuza. Unakwenda mbele, mbele, mbele tena, unashtukia uko pale ulipoanzia, na hakuna mtu aliyetia gia ya nyuma.

Jiji: Wewe mzee! Hiyo ndiyo maana ya jiji!

Pasipoti: Mzee kauliza Noah.

Jiji: Noah itapita, hata basi litapita. Nyie mnadhani barabara ile ni ya malori. Malori ni kisingizio. Mji bila barabara ya mzunguko ni ng'ombe bila zizi, utawajuaje wako? Leo mtu akikuuliza Tunduma inaanzia wapi, unamjibu nini?

Chapchap: Kwenye mkia wa foleni.

Jiji: Umeona? Foleni ikiwa fupi, Tunduma inaanzia hapa kwa Kiraka. Ikiwa ndefu, Tunduma mpaka kule Mpemba. Siku foleni ikikasirika tunakaribia kuwameza Vwawa.

Pasipoti: Vwawa hawamezeki. Wana ofisi za mkoa.

Jiji: Wao wana ofisi, sisi tuna dunia. Mzambia huyu hapa, Mkongo huyu hapa, kontena la Mchina hilo. Lakini dunia isiyo na ukingo inamwagika, bwana. Tukipata mzunguko, mtu atasema mimi ni wa ndani. Utamwuliza, wa ndani ya wapi? Atakwambia, ndani ya Tunduma. Na wa nje atasikia wivu, atajenga aingie.

Jiji akishika moto hivi hata mimi nasahau makaa. Ana sauti ya kuchungia ng'ombe, lakini akisema habari za mji inashuka, inakuwa ya mtu anayembembeleza mtoto.

Jiji: Ikiisha itawekwa taa. Taa mwanzo mpaka mwisho. Mtu yuko juu Ileje kwa akina mama Scola, amemaliza kula, anatoka nje anyooshe mgongo. Anaona huko chini duara la taa limelala kwenye giza. Anamwita mwanawe, anamwambia, njoo uone Tunduma. Mtoto anauliza, ipi, zile taa? Anamwambia, hapana. Lile lote lililomo ndani ya taa.

Mimi: Kutoka Ikinga Tunduma haionekani, Jiji. Kuna milima.

Jiji: Itaonekana. Milima itazoea.

Tulicheka, lakini niliona Chapchap ameshainua macho kuelekea Ileje, anatafuta. Kiraka peke yake ndiye hakuangalia. Alikuwa anaangalia kikombe.

Pasipoti: Na wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Kwa hiyo njia ya mkweli lazima izunguke.

Chapchap: Mzee, hiyo sio maana yake.

Pasipoti: Wewe umezaliwa juzi, methali umezikuta zimekaa. Mimi nimeziona barabara za mzunguko kwa macho, mukwai, kama wanavyosema Zambia. Kuna mji mmoja, siutaji, maana kule bado wana kinyongo na mimi.

Chapchap: Uliwafanya nini?

Pasipoti: Tuliache hilo. Barabara yao inauzunguka mji mzima, pana, laini, ukiweka kikombe cha chai kwenye dashibodi hakitingishiki. Sasa dereva mmoja, anaitwa Makene, aliingia jioni na shehena ya sukari. Akakosa tokeo lake, pale pa kuchepukia mjini. Akasema si neno, nitazunguka nitalikuta. Kweli akazunguka, akalikuta. Lakini alikuwa ameshaionja ile barabara. Upepo dirishani, taa zinapita moja moja, injini inaimba yenyewe. Akalipita tena. Safari hii kwa makusudi.

Jiji: Akaendelea?

Pasipoti: Mpaka leo. Mafuta anajaziwa akiwa kwenye mwendo. Mke wake alipoona hivyo hakulia. Akawa anakuja kusimama pembeni na bakuli la ugali. Mume akifika anapunguza mwendo, anapokea dirishani. Mzunguko unaofuata anarudisha bakuli.

Mimi: Limeoshwa?

Pasipoti: Halijaoshwa, mama Scola. Ndiyo ujue ni kweli. Ingekuwa hadithi lingekuwa limeoshwa.

Chapchap: Na watoto wanao?

Pasipoti: Wanao wengi.

Chapchap: Wamepatikanaje, na lori halisimami?

Pasipoti: Wewe endesha bodaboda. Mambo ya malori huyawezi.

Nikawaongeza kahawa. Ni kahawa ya Mbozi, ninaikaanga mwenyewe, na siwadanganyi, jioni kama ile harufu yake peke yake inatosha kumpandisha mtu mawazoni. Nikawauliza na mimi la kwangu, maana lilikuwa limenikaa kooni: malori yakihamia huko nyuma, madereva wakipita huko huko, birika hili nitammiminia nani?

Jiji: Watu wa jiji.

Mimi: Watu wa jiji wanakunywa soda.

Jiji: Mama Scola, usiogope. Mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi wageni wamekuja, wamekuja, na hatujapona. Sasa wacha wapite pembeni tujaribu kupona wenyewe. Hebu fikiria asubuhi ya kwanza. Unaamka, unadhani umekufa. Kimya. Hakuna injini, hakuna honi, hakuna breki inayolia. Sisi watu wa hapa tunajulikana kwa kupiga kelele, ukienda Mbeya wanajua huyu wa Tunduma, anaomba chumvi kama anayezima moto. Asubuhi ile tutaanza kujifunza kunong'ona. Wazee wazima, tunafundishana.

Hapo sote tulinyamaza tukajaribu kuisikia asubuhi hiyo. Mimi nilifumba macho, nikaanza kuyaondoa malori barabarani moja moja: la shaba, la mafuta, la magari yaliyobebwa mgongoni, mpaka lami ikabaki tupu. Nikawasikia kuku wa jirani. Nikaisikia kwaya ya kanisa la Majengo, ambayo siku zote huwa inanifikia besi tu, safari hii na sauti za juu za wanawake. Ilikuwa nzuri sana. Niliogopa kidogo pia, kwa sababu katika kimya kile watu wangeweza kusikia mambo mengi ya kwetu ambayo malori yametufichia. Halafu lori la mbele likapiga honi, foleni ikasogea urefu wa lori moja, tukafumbua macho.

Kiraka: Mimi sijauliza malori. Nimeuliza Noah.

Pasipoti: Lakini Kiraka, na wewe. Si mfunike mtoto kanga kama wengine? Mbona watu wanaolewa hivyo miaka yote?

Kiraka: Mama yake hatukumfunika.

Alisema hivyo bila kumwangalia mtu. Violet alikuwa mke wake, mtu wa Isoka, ng'ambo ya mpaka. Wazee wa kijiwe tulikuwepo kwenye harusi ile.

Kiraka: Shangazi yangu alisahau kanga nyumbani. Tukafika Mpemba, dereva akageuza, Violet macho yakiwa wazi. Nakumbuka alicheka, akasema kumbe mji wenu ndio unaishia hapa? Tuku alipokuwa darasa la pili, mama yake akachukua begi, akarudi kwao, njia ile ile aliyokujia. Ni lile gari. Nimefikiri sana, nimefikiri miaka mingi. Ni lile gari tulilogeuza.

Mimi nitasema, maana wao hawakusema: Violet hakuondoka kwa sababu ya gari. Kiraka enzi zile alikuwa anakunywa, na akinywa anapiga. Tulikuwa majirani, tulisikia. Siku hizi haonji hata tone, na ni mtu mpole kuliko wote wanaokalia ubao ule, na binti amemlea vizuri mno, alikuwa anamsuka nywele mwenyewe kwa vidole vile vya kuzibia matairi. Lakini lile jambo hajawahi kulitaja, na sisi kwa kumpenda hatujawahi kumtajia. Tumemwachia lile gari.

Pasipoti: Basi kwenye mzunguko, Kiraka. Mtoto atazunguka.

Jiji: Atazunguka! Tena atakuwa bibi harusi wa kwanza wa jiji.

Chapchap: Oya, subirini kwanza. Mzunguko unaanzia Mpemba, sawa. Unapita nyuma ya vilima, sawa. Sasa ukiendelea kuzunguka hivi, si unaingia Zambia?

Mji wetu umekaa mpakani kabisa, nyumba nyingine choo chake kinatazamana na jiko la Nakonde, mji wa Zambia. Duara ukilichora, nusu yake inakwenda kwa watu.

Jiji: Ni kweli. Ndiyo uzuri wake.

Chapchap: Uzuri gani tena?

Jiji: Nusu tunajenga sisi, nusu wanajenga wao. Tunduma na Nakonde unakuwa mji mmoja, ndani ya duara moja. Ukiamka upande huu unasema habari za asubuhi, ukipiga kona unakaribishwa kwa Kibemba, mwaiseni mukwai. Niambie mji gani mwingine duniani una kitu hicho. Lusaka hawana. Dar es Salaam hawana.

Chapchap: Na pasipoti? Bibi harusi atagongewa muhuri?

Pasipoti: Atagongewa kwenye shela. Muhuri wa kutoka, muhuri wa kuingia. Wajukuu wataonyeshwa lile shela.

Jiji: Na saa, Pasipoti! Umesahau saa. Zambia wako nyuma yetu saa moja.

Pasipoti: Yesu na Maria. Ni kweli.

Jiji: Sasa piga hesabu. Tukuswiga anafunga ndoa saa nane. Msafara unatoka papo hapo, unafika Nakonde, kule ni saa saba. Kwa saa za Zambia, yule mtoto hajaolewa.

Chapchap: Aisee!

Pasipoti: Yuko kwenye gari na mume, na bado hajaolewa. Ana muda wa kufikiri.

Jiji: Anafikiri, anakubali tena, gari linaendelea, linaingia Tanzania, ameolewa. Mara mbili kwa siku moja. Hiyo ndoa itavunjikaje? Na kila mwaka wakiadhimisha wanazunguka tena. Wanandoa wa Tunduma watakuwa wanazeeka polepole kuliko wa Vwawa.

Nitakiri kwamba niliiona. Niliiona ile Noah na maua yake kwenye boneti, inakwenda mbele tu bila haraka, shela limetoka dirishani. Huku mahindi, kule mahindi, bendera mbili hazijui ni ipi ipepee. Matarumbeta yanapuliza, mama mmoja wa Kinamwanga amesimama upande mmoja wa barabara anapiga vigelegele, na dada yake upande wa pili wa mpaka anamwitikia. Nikaona malori nayo yamepanga mstari kumpisha, madereva wamevua kofia. Hata Kiraka aliiona, maana kwa mara ya kwanza jioni ile alitabasamu, akanywa kahawa yake iliyopoa.

Kiraka: Kwa hiyo nimwambie dereva twende na mzunguko.

Chapchap: Mzee Kiraka, mimi sipendi kuharibu, ila juzi nilipeleka abiria huko.

Kiraka: Enhe?

Chapchap: Barabara ipo freshi mwanzoni, wameshindilia, unateleza tu. Unapita vile vilima, halafu kifusi. Kifusi kikubwa kinoma, kimezuia barabara nzima. Nikapanda juu kwa miguu nione ng'ambo yake. Ng'ambo ni mahindi ya mtu. Hakuna barabara. Haijafika popote.

Kiraka: Na wewe ulifanyaje?

Chapchap: Nikageuza pikipiki, mzee. Ningefanyaje?

Kiraka akarudisha kikombe kwenye ubao.

Jiji: Penye nia pana njia! Ndiyo maana mkandarasi hajamaliza, sisi tulikuwa hatujanuia. Jumamosi tunamshusha bibi harusi kwenye kifusi, tunambeba.

Pasipoti: Tunambeba tunampeleka wapi?

Jiji: Ng'ambo.

Pasipoti: Kwenye mahindi ya mtu?

Jiji: Tunaweka Noah ya pili huko kwenye mahindi tangu Ijumaa. Ile ya kwanza inaachwa pale pale, haigeuzi maisha yake yote. Inakuwa mnara wa kumbukumbu.

Chapchap: Na hiyo ya pili inatokaje kwenye mahindi?

Jiji: Mzambia akishaona bibi harusi amekaa shambani, atajenga nusu yake haraka.

Walikuwa wamefika hapo, wanabishana kama shela litavumilia majani ya mahindi, Tukuswiga alipotokea. Alikuwa ametoka kujaribu gauni, nywele zimefungwa kitambaa, kandambili miguuni. Ni msichana mwenye kucheka haraka, na pale alikuwa anacheka tayari, maana tangu mbali alikuwa amewasikia.

Tukuswiga: Shikamooni.

Tukaitikia marahaba, kila mtu kwa sauti yake. Nikampa kiti changu.

Tukuswiga: Baba, dereva wa Noah amenipigia tena. Anataka kujua msafara unapita wapi, awaambie na wenzake. Nimwambie nini?

Jiji: Mwambie unapita kwenye historia, binti yangu.

Kiraka: Ngoja kidogo, Tuku. Tunaipanga. Tunatafuta njia ambayo hutageuziwa gari.

Tukuswiga: Kwa nini nisigeuziwe?

Kiraka: Unajua kwa nini. Ili usije ukarudi.

Alisema kwa upole kabisa, alivyozoea kusema naye. Kicheko cha msichana kikabaki usoni kidogo, kikaondoka taratibu.

Tukuswiga: Nisije nikarudi.

Pasipoti: Ana maana ndoa, mama. Ndoa isirudi. Sio wewe.

Tukuswiga: Babu Yesaya, ndoa haina miguu. Ikirudi si itakuwa imerudi na mimi?

Akamgeukia baba yake.

Tukuswiga: Baba, mimi nampenda Raphaeli. Jumapili naenda naye kwao Nanyala, na sina mpango wa kurudi. Lakini Jumapili iliyopita nilikuwa Isoka kwa mama. Ana duka lake la vitenge. Amenenepa. Alikuwa ananifundisha kufunga kilemba, tulicheka mpaka wateja wakatushangaa. Kesho kutwa atakaa kanisani, kiti cha mbele.

Kiraka: Najua, mwanangu.

Tukuswiga: Basi nikuulize. Ile siku aliyochukua begi, angekosa pa kugeuzia, leo ningekuwa na mama?

Jiji alitazama mbele, kwenye malori, lakini nadhani hakuyaona. Chapchap alishika kofia yake ya pikipiki mapajani akaigeuza geuza. Mimi nilikuwa nimeinamisha birika, nikasahau kumimina. Moyo uliniuma, na nilimwonea fahari msichana yule, vyote kwa pamoja. Hakuwa amesema kwa hasira. Aliuliza tu, alitaka kujua.

Kiraka aliitazama mikono yake. Aliitazama viganjani, akaigeuza akaitazama na nyuma, na machozi yakawa yanamtoka, wala hakuyafuta. Tulimwacha. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile hakulitaja gari.

Kiraka: Mwambie dereva tutageuzia Mpemba.

Tukuswiga: Na mimi, baba, naweza kugeuza?

Kiraka: Na wewe. Siku yoyote. Raphaeli akikuinulia mkono hata mara moja, hata kama mahari imeshaliwa, hata kama mimi mwenyewe nitakwambia vumilia, usinisikilize. Geuza uje nyumbani.